Urithi Wangu Mashine ya Boti

Wenzangu wanarithi viwanja. Wanarithi mbuzi. Wengine wanarithi madeni, na hata deni lina heshima yake, angalau watu wanakutafuta. Mimi nimerithi mashine ya boti. Na ninaishi Kilosa. Jirani, wewe jiografia ulisoma, hebu nitafutie bahari hapa. Bahari iko Dar es Salaam, karibu kilomita 300. Ziwa hatuna. Mto tunao, Mkondoa huo hapo, ila kiangazi unauvuka umekunja suruali na simu iko mfukoni, wala huna wasiwasi.

Kwetu ukoo unafuata kwa mama. Wasagara na Wakaguru ndivyo tulivyo, mjomba ana sauti kwa mpwa wake. Kwa hiyo mjomba alipofariki nikajua zamu yangu imefika. Nikanyoa. Nikapiga pasi shati. Kikaoni nikajisogeza karibu na wazee ili nionekane. Mmoja akapewa kiwanja cha Kimamba. Mwingine mbuzi. Mwingine, ambaye hata hospitali hakukanyaga kumwona mgonjwa, akapewa baiskeli, tena Phoenix, tena nzima. Walipofika kwangu pilau lilikuwa limeshapakuliwa na watu wanatafuta maji ya kunawa. Mama mkubwa akasema, "Wewe mwanangu utachukua ile mashine ya stoo. Mjomba wako alikupenda sana." Nikasema asante. Ningesema nini?

Marehemu miaka ya nyuma alikuwa Ifakara, anavua na kuvusha watu mto Kilombero. Huko mashine ina maana. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Alipochoka na mbu akarudi nayo nyumbani kwa ile reli ya tawi ya Kidatu hadi Kilosa, kilomita 108, enzi hizo bado ina pumzi. Wanasema aliposhuka nayo stesheni watu walidhani ni mashine ya kusaga. Mama mmoja akamuuliza ataanza lini, na debe la mahindi ni shilingi ngapi. Mjomba akaona aibu kueleza. Akaitia stoo, akaitupia magunia, ikalala.

Na hata angeirudisha Kilombero, wapi. Mwaka 2018 pale kivukoni lilifunguliwa daraja, mita 384. Watu wanavuka na viatu vyao, wanakula karanga. Nani atakulipa umvushe?

Halafu kuna ile ya mafuriko. Mwisho wa 2009 kuingia 2010 Mkondoa ulivunja tuta ukaingia mjini. Nyumba zikaanguka, watu wakalala kwenye mahema, reli ya kati ikakatika, treni zikasimama miezi. Hiyo si ya kucheka. Lakini kubali na wewe: huo ndio wakati Kilosa ilihitaji boti. Na mashine ya boti ilikuwepo. Ilikuwepo stoo, chini ya magunia, imezama kwenye tope mpaka tangini. Mwaka huo haikwenda kwenye maji, maji ndiyo yaliifuata.

Basi nikaibeba nikaileta kwangu. Mama watoto akaiangalia. Akaniangalia. Akasema banda la kuku linahitaji hiyo nafasi na kuku wanataga, hiyo inataga nini? Akaja jamaa wa vyuma chakavu na mizani yake. Akaining'iniza. Akataja bei ambayo nikiisema hapa utanunua wewe uniokoe na aibu. Nikamwambia aondoke. Jamaa akanijibu kwa upole, na ndiyo iliyoniuma, "Mzee, inayowaka ina bei. Isiyowaka ina kilo."

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Nikasema nitaiwasha.

Nikaanza na fundi wa bodaboda hapa kijiweni. Kijana mzuri, anashusha injini ya Boxer huku anachati. Akaizunguka. "Mzee, kiki iko wapi?" Haina kiki. "Gia?" Haina gia. "Nyutro?" Haina. "Breki?" Haina. "Sasa mnasimamaje?" Mimi mwenyewe sijui, lakini mwenye mali hawezi kusema hajui. Nikamjibu kwa sauti ya baharia, "Unagonga mchanga." Vijana wote kijiweni wakavua kofia.

Mashine yenyewe ni British Seagull, ya Uingereza. Haina mfuniko. Haina plastiki. Tangi la shaba juu, flaiweli wazi inazunguka mbele ya pua yako, bomba refu linashuka, feni mwishoni. Yule kijana akapekua simu akanisomea. Kumbe zilianza kutengenezwa 1931, zikaisha kutengenezwa 1996. Wakati wa vita vya pili jeshi la wanamaji la Mwingereza lilizichukua kwa maelfu. Nikavimba kidogo. Kumbe nina silaha. Akaendelea kusoma: biashara ya mashine hizi za kuning'iniza nyuma ya boti ilichangamka 1909 huko Milwaukee, Marekani, na bwana mmoja mzaliwa wa Norway, Ole Evinrude. Inasemekana mchumba wake alitaka aiskrimu wakiwa kisiwani, jamaa akapiga makasia kwenda kuileta, joto kali, aiskrimu ikayeyuka njiani. Akaapa atatengeneza mashine. Unaona? Mwenzetu alitumwa na mwanamke akawa tajiri. Mimi nimetumwa na kikao cha ukoo.

Tukavuta kamba. Hii haina ile kamba inayorudi yenyewe ndani. Unafunga fundo kwenye kamba, unaliingiza kwenye tundu la flaiweli, unazungusha kamba, unavuta kwa nguvu zako zote, kamba inachomoka unabaki nayo mkononi. Nikazungusha. Nikavuta. Flaiweli haikwenda hata nywele. Mashine nzima ndiyo iliyonifuata, ikaniangukia mguuni. Watu wakasema pole. Walisema wakiwa wanacheka, pole ya namna hiyo haiingii.

Fundi wa boda akanawa mikono. Akasema pistoni imekamata, na yeye tu-stroki hazijui, amezaliwa amekuta fo-stroki. Ni kweli bwana. Zamani kulikuwa na Vespa, kulikuwa na Suzuki za moshi, kila fundi alijua kuchanganya oili na petroli. Sasa waliobaki na ujuzi huo ni watu wa chenso, wale wanaopasua mbao. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa chenso upande wa milimani. Nikamkuta amekaa kwenye gogo, vidole havijatimia vyote. Hiyo ilinipa imani. Mtu wa fani hajifichi.

Mzee akatoa plagi. Akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye tundu. Akasema, "Iache." Nikauliza niache mpaka lini. "Mpaka ikubali." Usivute, usigonge nyundo, kila asubuhi izungushe flaiweli kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Basi nikawa naamka alfajiri naipapasa mashine gizani, nainong'oneza. Mama watoto akanisikia nasema "kubali basi, kubali." Alikaa siku nzima haniongeleshi. Alidhani naongea na simu.

Ikakubali. Flaiweli ikazunguka. Nikapiga kelele majirani wakatoka.

Sasa sikiliza kosa la kamba, ambalo si langu, ni la kamba. Nikairudishia plagi, nikazungusha kamba, nikavuta. Ikachomoka kwa kasi. Na ncha ya kamba ikichomoka haiangalii nani yuko nyuma. Nyuma yangu kwenye mkeka alikuwa mama mkwe, amekuja kututembelea, anachambua mchele. Ikamcharaza begani. Kwaa! Ungo ukaruka, mchele ukatawanyika, kuku wakaja kushangilia. Jirani, niliwahi kufukuzwa kazi. Niliwahi kuporwa simu. Sijawahi kuona kimya kile. Nilitoa doti ya kanga ya kuomba radhi, na jina la kanga nililichagua kwa haraka dukani bila kusoma vizuri. Likawa fumbo la kusema mtu hakomi. Nikatoa doti ya pili.

Na baada ya yote hayo plagi haitoi moto. Kavu. Mzee wa chenso akasema tatizo liko chini ya flaiweli, kwenye pointi, tope la mafuriko limelala humo. Kuivua flaiweli kunataka puli na mtu mwenye mkono. Yeye mkono anao, puli hana. Nenda Mikumi, akasema, kwenye mafundi wa malori.

Mikumi. Treni ya umeme imeanza mwaka 2024, stesheni yetu ya Kilosa inang'aa, lakini haiendi Mikumi. Nikapanda gari la abiria. Konda akasema mzigo una petroli, haukai kwenye buti na mabegi ya watu, wala juu haupandi, utaharibu magodoro. Nikaipakata kama mtoto mgonjwa, kichwa begani, feni inamgusa mama wa pembeni kila tukiingia shimoni. Akanihamisha. Nikasimama nayo. Konda akaja kukusanya nauli, akatoza mbili. Nikamuuliza ya pili ya nani. Akanionesha kwa kidevu. Tukapita Zombo, tukapita Ulaya. Ndiyo, nimefika Ulaya. Ni kata ya wilaya yetu, usianze kuniomba zawadi. Niliyorudi nayo ni vumbi.

Mikumi mjini ni barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Malori usiku na mchana, mishikaki, mafundi chini ya magari miguu inaonekana. Fundi niliyempata alikuwa wa injini za Scania. Akatoka chini ya lori, akaangalia nilichobeba, akaangalia nyuma yangu kutafuta boti. "Umetoka bandari gani?" Nikasema Kilosa. Akarudi chini ya lori. Nilisikia anacheka huko huko.

Lakini alikuwa muungwana. Mchana lori lilipoondoka akaivaa kazi. Puli ikaingia, gonga kidogo, flaiweli ikatoka, nikaona kwa mara ya kwanza kinachoitwa pointi. Vitu vidogo! Visehemu viwili vya chuma vinagusana na kuachana, na hapo vilipogusana pamepata ukoko mweupe wa miaka. Akapiga msasa laini, akafuta kwa kitambaa kilicholowa petroli, akaweka geji, nafasi ya nusu milimita. Nusu milimita! Mimi naoa, nazaa, nachapa wakwe kwa kamba, kumbe kilichokuwa kinanizuia ni uchafu ambao hata kucha haiushiki.

Akaniambia, "Mzee, shika waya wa plagi hapo, tuone." Nikashika. Sikuuliza. Akazungusha flaiweli. Jirani, umeme wa hii mashine hautoki kwenye betri, unatoka kwenye sumaku ya flaiweli, na hauna huruma. Nilijikuta nimekaa kwenye tairi la lori la mtu, sijui nilifikaje. Utingo wote wa Mikumi walikuwepo. Fundi akasema kwa kuridhika, "Moto upo." Kulikuwa na namna nyingine ya kupima. Unagusisha plagi kwenye chuma cha mashine unaangalia cheche. Aliniambia baadaye.

Ikaja kabureta. Petroli ikikaa muda mrefu inakauka, inaacha gundi. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya asali kinachonuka rangi ya mlango. Kuna kitundu humo, jeti, ndicho kinachopimia mafuta, na kilikuwa kimezibwa kabisa. Mimi kwa kusaidia nikatoa spoku ya baiskeli mfukoni. Fundi akanipiga kofi la mkono. Ukichokoa jeti kwa waya unaitanua, na ikitanuka vipimo vyote vimekufa. Akachukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, akaupitisha taratibu, akapuliza. Aibu yake ni kwamba uzi ule ulikuwa wangu. Nilikuja nao nikitegemea kwenda kuvua.

Mafuta sasa. Nikauliza oili inawekwa wapi. Wote wakanyamaza. Kumbe oili inachanganywa na petroli humo humo tangini, na hizi za zamani hazina utani: kumi kwa moja. Lita kumi za petroli, lita moja nzima ya oili. Chenso za siku hizi zinakula tone tu. Hii bushi zake zinategemea hiyo oili kujilainisha, na hiyo hiyo ndiyo inayoziba upepo usivuje. Ukibana matumizi unaiua. Nikaenda dukani nikauliza bei ya oili. Nikatoka nje nikasimama kwanza.

Haiwashwi kavu, inapozwa na maji. Inatakiwa ichovywe. Sasa maji yako wapi Mikumi? Hifadhi hiyo hapo, imetangazwa tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, ina mabwawa safi kabisa. Yana viboko, na ukiingia na mashine utaonana na askari kabla ya viboko. Kidatu kuna bwawa la umeme, nako si pa kwenda kujifunzia. Tukaazima pipa la mama ntilie. Akakubali kwa masharti kwamba maji yake yabaki yalivyo.

Fundi akasema feni ivuliwe kwanza. Mashine haina nyutro, ikiwaka tu feni inazunguka saa hiyo hiyo. Mimi nikakataa. Nikamwambia, hawa watu wote wamekuja kuona feni. Utaonesha watu mashine ya boti bila feni? Fundi akaangalia pipa. Akaangalia wateja wa mama ntilie. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akanipa kamba nivute mwenyewe. Sikuelewa wema ule.

Nikavuta, kimya. Nikavuta tena, ikakohoa moshi wa buluu. Nikavuta mara nyingine, na nilihakikisha nyuma yangu hakuna mkwe wa mtu, ikapiga kelele! Bwana wee! Ilinguruma Mikumi yote. Na feni ikafanya kazi iliyoumbiwa. Ilichota maji ya pipa ikayarusha. Kwanza juu yangu. Halafu kwenye wali maharage wa wateja. Halafu kwenye jiko la mkaa, likazima fyuu. Pipa likaanza kutembea. Kweli, pipa lilitembea kwenda barabarani na mashine juu yake, mimi nimeikumbatia kwa sababu sijui inazimwaje. Haina swichi niliyoiona. Fundi akapaza sauti kutoka mbali, "Funga bomba la mafuta!" Bomba liko wapi? Moshi umenijaa machoni. Ilizima yenyewe maji yalipobaki kisigino.

Watu wakapiga makofi. Mama ntilie hakupiga. Nililipa sahani, nililipa mkaa, nikajaza pipa kwa ndoo kutoka bomba la mbali huku nguo zinachuruzika.

Wakati nabeba ndoo akatokea Mzungu mmoja mzee kutoka gari la watalii. Akaiona mashine. Akapiga kelele "Seagull!" na macho yakamlegea. Mkalimani wake akaniambia baba yake alikuwa nayo, walikwenda nayo kuvua akiwa mdogo, na kamba ilimpiga usoni kila Jumamosi. Moyo ukaniruka. Huyu ndiye mteja wangu, Mungu ameleta. Nikamwambia mkalimani amtajie bei. Mzee akalipapasa tangi la shaba. Akapiga picha nayo. Akapiga picha nami, nikiwa nimelowa. Akanipa peremende. Akaondoka kwenda kuangalia twiga.

Sasa iko nyumbani, inawaka. Fundi alinipa sharti moja la kuitunza na nawe ulichukue, hata kama una pampu ya bustani tu: kabla ya kuiweka, funga bomba la mafuta uiache iendelee kuunguruma mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Marehemu mjomba hakufanya hivyo, na mimi ndiye niliyelipa.

Kwa hiyo wewe mwenye mtumbwi Kilombero, Malinyi, Mtera, popote, hata kama ni shemeji yako ndiye mwenye nao, mashine ipo Kilosa. Inawaka, siyo ya kilo. Oili kumi kwa moja utanunua mwenyewe, kamba nakupa bure. Ukija kuijaribu njoo asubuhi, usimame mbele, na pipa ulete la kwako.